Je, nia njema yatosha?

Mara nyingi husikika maneno haya: "Mungu hutazama moyo. Nikitenda kwa upendo, sina dhambi." Ni maneno matamu, na nusu yake ni kweli. Lakini nusu iliyobaki imewapoteza wengi.

Mwaka 1966 mwalimu mmoja Mmarekani wa Kanisa la Anglikana, Joseph Fletcher, alitoa kitabu akifundisha kwamba hakuna tendo lililo baya siku zote. Amri ni moja tu, yaani upendo. Kila mtu aitazame hali yake, kisha aamue. Fikra kama hizo zilikwisha kuenea kabla yake. Baba Mtakatifu Pio XII alizikataa mwaka 1952, na mwaka 1956 Roma ikakataza zisifundishwe katika vyuo na seminari. Yohane Paulo II naye alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1993 katika barua yake Veritatis Splendor.

Je, Kanisa lapinga upendo? Hasha! Bwana Yesu mwenyewe aliponya wagonjwa siku ya Sabato. Tena tunao mfano hapa hapa Unguja. Padre Fava alifika mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 wakafuata Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wakati ule watu waliuzwa sokoni mjini kama mbuzi. Mapadre walitoa fedha, wakawakomboa watoto, na tangu mwaka 1868 wengi walilelewa Bagamoyo.

Mtu aweza kuuliza: kumpa mchuuzi fedha, si kuikuza biashara yake? Ni swali la haki. Soko lenyewe halikufungwa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Lakini mtoto aliyesimama sokoni hakuweza kungojea mkataba. Kutoa fidia si dhambi. Mwenye dhambi ni auzaye mtu. Hapo upendo uliitazama hali, ukachagua tendo jema. Lakini lau mapadre wangalimwuza mtoto mmoja ili wawakomboe wawili, hesabu ingaliwapa faida, na tendo lingalikuwa ovu vile vile. Mtume Paulo alikwisha kuwaonya Warumi kwamba tusitende mabaya ili mema yaje.

Sasa tutazame Kendwa yetu. Ufuko umejaa mahoteli, na vijana wengi wametoka Bara kutafuta kazi, Wakristo wenzetu wakiwamo. Chukua kijana ambaye mama yake ni mgonjwa huko kijijini. Anatokea mgeni mwenye fedha, makamo ya mama yake, anayetafuta mpenzi wa siku chache. Kijana anasema moyoni, "Simpendi, lakini nikijifanya nampenda, mama atapata dawa."

Kumpenda mama ni amri ya Mungu. Lakini yule mgeni naye ni jirani yake, na hapa anadanganywa na kutumiwa kama ndoo ya kisimani. Na mwili wa kijana, ambao ni hekalu la Roho Mtakatifu, umetiwa bei. Huo ni upendo wa namna gani, unaomjali mmoja na kuwaumiza wawili?

Basi tusimlaumu kijana peke yake. Jumuiya ikisikia mama mgonjwa, ichange. Shilingi chache za kila nyumba zaweza kumwokoa mama na mwanawe pamoja. Nanyi wazazi mliobaki vijijini, fedha zikifika ghafula, msishangilie kabla ya kuuliza zimetoka wapi. Tena msimwandikie mtoto kila mwezi "tuma, tuma" bila kumwuliza anaishije. Afadhali apate neno la kumwambia kwamba akirudi mikono mitupu, mlango u wazi.

Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao.