Usidanganywe na Siku ya Joto: Baridi ya Calgary kwa Mtu wa Pwani



Vijana wetu wa Pwani wanaendelea kuondoka kwenda Kanada, wengine masomoni, wengine kazini, na baadhi yao huishia Calgary, mji mkubwa wa jimbo la Alberta. Kabla ya safari kila mtu humwambia msafiri neno lile lile: jitayarishe na baridi. Ushauri huo ni mzuri lakini haujakamilika. Mimi nimekaa Calgary misimu mitatu ya baridi, na nililoliona ni kuwa baridi yenyewe mtu huizoea. Kinachowaumiza wageni ni kule kugeukageuka kwake. Asubuhi ni nyuzi 20 chini ya sufuri, mchana nyuzi 5 juu yake, na usiku umerudi kule kule.

Sisi tumelelewa na hewa inayotimiza ahadi. Kaskazi ina miezi yake na kusi ina miezi yake, na manahodha wa zamani walipanga safari za mwaka mzima kwa kuzitegemea. Hapa Mombasa, ukichukua usiku wa baridi wa Julai na mchana wa joto kali wa Machi, tofauti yake ni kama nyuzi 13 tu. Calgary unaweza kuipata tofauti kubwa kuliko hiyo baina ya sala ya Alfajiri na Adhuhuri ya siku moja.

Upepo unaofanya hayo

Upepo huo unaitwa chinook. Jina limetokana na Wachinook, wenyeji wa asili wa upande wa mto Columbia, karibu na Bahari ya Pasifiki. Watu wengine huuita mla theluji, na ukiuona unavyoimaliza theluji kwa siku moja hutauliza kwa nini.

Hewa hutoka Pasifiki ikiwa na unyevu, ikafika Milima ya Rocky iliyo magharibi mwa Calgary. Ikipanda mlima hupoa na kuangusha mvua na theluji upande ule wa bahari. Katika kupanda huko hupoteza kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Ikishateremka upande wa pili imekuwa kavu, na hewa kavu inaposhuka hukandamizwa na kupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Safari hii hupata kama nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo hufika chini ikiwa na joto zaidi kuliko ilivyopanda.

Lakini shika hili: chinook haiondoi msimu wa baridi. Inaisukuma tu pembeni ile hewa nzito iliyoshuka kutoka kaskazini. Upepo ukinyamaza, hewa ile hurudi mahali pake, na mara nyingine hurudi ghafla.

Mabadiliko yanaweza kuwa makubwa mno. Mji wa Spearfish, Dakota Kusini, Marekani, tarehe 22 Januari 1943, joto lilipanda kutoka nyuzi 20 chini ya sufuri hadi nyuzi 7 juu yake kwa dakika mbili. Huko Loma, Montana, Januari 1972, lilipanda nyuzi 57 ndani ya saa 24. Hizo ni rekodi, si mambo ya kila wiki. Calgary, hata hivyo, kupanda nyuzi 20 kwa saa chache ni jambo ambalo mwenyeji halishangai.

Dalili yake ni utao wa mawingu upande wa magharibi, ukiacha ukanda wa anga safi chini yake, juu ya milima. Ukiuona, jua upepo umekuja au uko njiani.

Vaa kwa ajili ya saa ya kurudi

Kijana mmoja wa kwetu tuliyekuwa tukiswali naye alitoka kwenda kazini mchana wa jua, amevaa sweta na viatu vya raba. Alipotoka kazini saa nne usiku hewa ilikuwa imegeuka, na basi likachelewa. Alisimama kituoni kama nusu saa. Vidole vyake viwili vilibadilika rangi, vikafa ganzi, na alikwenda hospitali usiku ule. Alhamdulillah havikukatwa, lakini hadi leo vikipata baridi kidogo vinamuuma.

Idara ya hali ya hewa ya Kanada hutangaza pia hisabu ya baridi ya upepo, yaani vile ngozi inavyoihisi. Ikifika 28 chini ya sufuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Ikifika 40, ni dakika 5 hadi 10. Kwa hivyo usiangalie dirishani. Angalia utabiri wa saa kwa saa kwenye simu, na uvae kwa ajili ya saa utakayorudi.

Nguo nyingi nyepesi zinashinda koti moja zito. Ya ndani kabisa iwe ya kubana, ya sufu au ya kitambaa kisichoshika jasho. Pamba ikilowa hukaa na maji, na maji yakipoa hula joto la mwili. Juu yake sweta, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Joto likija vua moja uitie mkobani. Koti zuri unaweza kulipata hata kwenye mitumba ya Kongowea, lakini buti nunua huko huko, na zisikubane. Buti ya kubana huzuia damu, na mguu usiopata damu ndio wa kwanza kuganda.

Kidole kikifa ganzi na kuwa cheupe, usikisugue, na usikipake theluji. Ingia ndani, kitie kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha umuone daktari.

Siku baada ya joto ndiyo ya kuogopwa

Theluji ikiyeyuka mchana, maji hutapakaa njiani. Usiku yanaganda na kuwa barafu nyembamba usiyoiona, na asubuhi watu wanaanguka. Tembea kama bata: hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko. Akina dada, pindo la buibui lipandishe juu ya buti, kwa sababu likilowa huganda likawa gumu na kukutega miguu. Mwenye nyumba naye ana wajibu. Sheria ya mji humtaka asafishe njia ya miguu mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma.

Hewa ya chinook ni kavu sana. Midomo hupasuka, na wengine hutokwa na damu puani. Weka mafuta ya mgando mfukoni na unywe maji hata kama huna kiu. Wenye kipandauso wawe na dawa karibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary walichapisha mwaka 2000 kwamba baadhi ya wagonjwa hushikwa siku inayotangulia upepo huo, na wengine siku unapovuma kwa nguvu.

Katikati ya mji kuna msaada. Tangu mwaka 1970 majumba yameunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa, yapatayo kilomita 16 kwa jumla, mita nne na zaidi juu ya barabara. Yanaitwa Plus 15. Mgeni ajifunze njia zake mapema.

Kisha nyumbani. Umeme ukikatika au mtambo wa joto ukiharibika, usiwashe jiko la makaa ndani. Kwetu jiko hukaa barazani au jikoni penye madirisha na upepo unaopita. Kule nyumba imezibwa kila upenyo, na makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala wasiamke. Hakikisha nyumba ina king'ora cha hewa hiyo. Hali ikizidi, nenda kwa jirani au piga simu ya dharura 911.

Ibada

Mwezi wa Disemba jua la Calgary hutoka baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana mbio mbio, kwa hivyo pangilia sala na bosi wako mapema. Mwenye kadhaa ya Ramadhani, basi siku hizo fupi ni fursa yake.

Ukitawadha, jifute uso na mikono vizuri kabla ya kutoka. Na dini yetu imeleta wepesi wa kupukusa juu ya khufu: aliye mjini mchana na usiku wake, msafiri siku tatu, kwa sharti uzivae ukiwa na udhu. Soksi nyembamba wanavyuoni wamekhitalifiana, na katika madhehebu yetu ya Shafi hazitoshi. Muulize sheikh wako kabla ya safari.

Nanyi wazazi mlio nyumbani, mkipigiwa simu na mtoto akawaambia leo kuna jua, msifurahi mkaishia hapo. Muulizeni atarudi saa ngapi, na amevaa nini.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali.