Mgeni wa Simu Naye Abishe Hodi

Mila zetu humtaka mgeni abishe hodi, ajitambulishe, kisha angoje kukaribishwa. Mgeni wa simu hana subira hiyo. Jioni, mtu akiwa mezani na aila yake, simu hulia. Sauti asiyoifahamu humwarifu kwamba amechaguliwa kutoa maoni. Kabla hajatanabahi, ameshaulizwa umri wake, mapato yake na mgombea anayemwunga mkono.

Wako wanaoikata simu papo hapo. Wako pia wanaojibu kila kitu kwa kuona haya. Makundi yote mawili yamepotoka.

Waama, utafiti wa maoni una manufaa. Watu elfu moja tu, wakichaguliwa kwa njia ya bahati nasibu, huweza kuwakilisha taifa zima kwa tofauti ya takriban asilimia 3 juu au chini. Lakini kila anayekataa kujibu huacha pengo, na wakibaki wapenda kusema pekee, hesabu huenda mrama.

Historia inatufunza. Mwaka wa 1936 nchini Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, nyingi kwa watu waliotolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari. Waliojibu walizidi milioni 2. Jarida likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa ametwaa majimbo 46 kati ya 48! Mafukara wasio na simu hawakuulizwa. Aidha, wengi walioulizwa hawakujibu. Wingi wa majibu haukufaa kitu.

Hapa Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa raia haki ya kuelezwa habari zake zitatumiwaje. Basi, kabla ya kujibu, uliza: Wewe ni nani? Ni nani anayegharimia utafiti huu? Nambari yangu umeipata wapi? Mtafiti wa kweli hatachukizwa. Ama yule anayetaka nambari yako ya siri ya benki, huyo si mtafiti bali ni mwizi.

Walimu wana jukumu hapa. Gazeti linapochapisha asilimia, mwanafunzi azoezwe kuuliza: Waliohojiwa ni akina nani? Ni wangapi? Lini? Kwa swali lipi? Kumwuliza mtu kama anaunga mkono "mpango huu mzuri" si kumwuliza. Ni kumpa jibu lililovishwa kanzu ya swali.

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Haki hiyo si ya anayepiga simu peke yake. Ni ya anayeipokea pia. Akishajibiwa na kuridhika, naye ajibu kwa ukweli, kwani huenda maoni yake yakasimama badala ya maoni ya maelfu wasiopigiwa simu.