Benki Ikiuzwa, Mwenye Akiba Asiachwe Gizani

Makutupora ni kata iliyo kaskazini mwa mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Arusha. Si ile Makutupora ya Manyoni iliyovuma kwa habari za reli mpya. Hii ya Dodoma inajulikana kwa visima vyake vinavyounywesha mji, kwa kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa kituo chake cha utafiti wa zabibu. Mkulima wa huko huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Fedha anazozipata katika majuma machache ya mavuno ndizo zitakazomlisha, zitakazosomesha watoto wake na kununua dawa za mizabibu mpaka mavuno mengine yafike. Fedha za namna hiyo si za kulaza chini ya mto. Huwekwa benki.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akauliza: Makutupora na sisi wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba mambo ya mabenki ni mambo ya Muungano. Benki Kuu ni moja, na sheria ya mabenki ni moja. Linalomkuta mkulima wa zabibu wa Makutupora laweza kumkuta mkulima wa karafuu wa Wete. Kwa hiyo leo twataka kuzungumza juu ya jambo linalowahusu wote wawili, nalo ni benki kuuzwa kwa benki nyingine, na wateja wake kuhamishwa pamoja na meza na makabati.

Jambo hili si geni nchini. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya binafsi ya Tanzania Bara yalitaifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Huku Visiwani, Benki ya Watu wa Zanzibar ilikuwa imekwisha anzishwa mwaka 1966. Miaka 30 baada ya utaifishaji huo, yaani 1997, Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na matawi mengi ya wilayani yakawa ya NMB. Mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za NBC ziliuzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Benki ya Twiga iliwekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu Oktoba 2016, kisha 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta, ambayo nayo ilibadili jina mwaka 2021 ikaitwa TCB. Agosti 2018 ilikuwa zamu ya Bank M. Huduma zake zilisimamishwa, na Januari 2019 ikatangazwa kwamba mali na madeni yake yanahamishiwa Benki ya Azania. Na Aprili 2025, mjini Dodoma, ilizinduliwa Benki ya Ushirika iliyotokana na Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro.

Hatusemi kwamba kuuza au kuunganisha benki ni kosa. Benki dhaifu ikipata mwenyewe mwenye nguvu, akiba za watu huokoka. Tukumbuke Januari 2018, Benki Kuu ilipofunga mabenki matano kwa mpigo. Wenye amana waliangukia mikononi mwa Bodi ya Bima ya Amana, na kiwango cha juu cha fidia wakati huo kilikuwa Sh. 1,500,000 tu. Kiwango hicho sasa ni Sh. 7,500,000, na twaishukuru Serikali kwa hatua hiyo.

Lakini fedha kuwa salama ni jambo moja, na mwenyewe kuweza kuzifikia ni jambo jingine. Wateja wa Bank M walikaa miezi mitano hivi kabla ya kujua akiba zao zitakwenda wapi. Mfanyabiashara mkubwa huenda akavumilia miezi mitano kwa kukopa kwingine. Mkulima wa Makutupora akingoja miezi mitano, msimu mzima umempita.

Hata pale ambapo uhamisho unakwenda vizuri, mteja hukuta mambo mengi yamebadilika. Nambari ya hesabu yake yaweza kuwa mpya, na kadi na kitabu cha hundi vya zamani vikafika mwisho wa matumizi. Kiwanda kinachonunua zabibu zake, mwajiri wake, au mfuko unaomlipa pensheni, wote hawana budi kuarifiwa, la sivyo malipo hukwama njiani. Duka la wakala lililo kijijini, ambalo kwa wengi ndilo tawi lao, laweza kufungwa ikiwa benki mpya haina mkataba nalo. Hapo mzee atalazimika kutoa nauli ya kwenda mjini kuchukua fedha zake mwenyewe. Aliyekopa naye hujiuliza iwapo riba itapanda, na hati ya shamba lake iko katika kabati la nani.

Liko na jambo lisilosemwa sana. Bima ya amana huhesabiwa kwa kila mteja katika kila benki. Mtu aliyekuwa na Sh. 5,000,000 katika benki moja na Sh. 5,000,000 katika nyingine, zote zilikuwa na kinga. Mabenki hayo mawili yakiungana, ana Sh. 10,000,000 katika benki moja, na Sh. 2,500,000 zimetoka nje ya kinga bila yeye kutia saini popote. Ni wangapi wameelezwa hayo?

Wenye hisa hupiga kura kabla ya kuuza. Benki Kuu hutoa idhini. Mwenye akiba, ambaye fedha zake ndizo benki yenyewe, haulizwi. Yeye hupewa habari. Basi kwa uchache habari hiyo imfikie mapema na kwa lugha anayoielewa. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zaitaka benki imtendee mteja kwa haki, imweleze mambo kwa uwazi na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Tunaomba wakuu wanaohusika wazitekeleze kwa nguvu zaidi wakati wa uhamisho.

Kwa maoni yetu, idhini ya kuuza benki iambatane na masharti manne. Kwanza, tangazo la Kiswahili libandikwe katika ofisi za kata na shehia, lisiishie magazetini tu. Pili, nambari na kadi za zamani ziendelee kufanya kazi kwa muda uliotajwa wazi. Tatu, tawi au wakala wa kijijini asiondolewe kabla ya mwingine kuwekwa karibu. Nne, kila mkopaji apewe barua kwamba riba na muda alioutia saini havibadiliki bila ridhaa yake, na ielezwe hati yake imewekwa wapi.

Wananchi nao wana wajibu wao. Siku habari ya uhamisho inapotangazwa, mteja aombe taarifa ya hesabu yake iliyopigwa muhuri na aihifadhi pamoja na mkataba wake wa mkopo. Asimpe mtu yeyote nambari yake ya siri kwa simu, hata akijitambulisha kuwa ni karani wa benki mpya. Wezi hupenda sana nyakati za mageuzi kama hizi.

Visima vya Makutupora vikibadilishiwa mabomba, wakazi wa Dodoma huarifiwa maji yatakatika lini na yatarudi lini. Hatuoni kwa nini mwenye akiba, awe Makutupora au Wete, astahili kuambiwa machache kuliko hayo juu ya fedha zake.