Ukoka wa Kambini Katika Kiangazi

Mvua za masika zikishakoma mwezi Mei, upepo wa kusi huanza kuvuma juu ya Ziwa Tanganyika, na mwambao wote wa Rumonge hubadilika sura. Michikichi hubaki kijani, lakini uwanja wa majani mbele ya ofisi na kambi hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Hapo ndipo askari hupewa kwanja na ndoo, wakaamriwa kuurudishia uwanja uhai wake. Mara nyingi kazi hiyo ndiyo inayouua.

Huko Ulaya majani hulazwa na baridi. Kwetu, katika mwinuko wa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai haiwezi kuudhuru ukoka. Kinachoulaza ni kiu. Majani ya juu hukauka, ilhali mashina yatambaayo chini ya udongo hubaki hai yakingoja mvua za Septemba au Oktoba. Mwenye shaka na afukue kidogo kwa kisu: shina jeupe na gumu li hai, lililo la kahawia, livunjikalo kama kijiti, limekufa.

Kalenda yetu nayo haina huruma. Sikukuu ya Uhuru, uliopatikana tarehe 1 Julai 1962, huangukia mwanzoni mwa kiangazi, nayo hutanguliwa na mazoezi ya gwaride. Ukoka wenye maji hukanyagwa ukainuka tena. Ule uliolala hauinuki. Yafaa basi mazoezi yafanywe kwenye udongo mtupu ulioshindiliwa, na uwanja wa majani uachiwe siku yenyewe tu.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa kadeti, kikosi chake kiliamriwa mwezi Julai kuukwangua uwanja hadi udongoni, kwa ajili ya ukaguzi. Siku hiyo uwanja ulipendeza, hilo sikatai. Lakini mvua za kwanza ziliteremka mlimani bila kizuizi, zikachimba mfereji chini ya ukuta wa bweni, nasi tukasukuma matoroli ya mawe mpaka Krismasi. Tangu Mei, majani yaachwe yafikie urefu wa vidole vinne, na kila yanapokatwa isiondolewe zaidi ya theluthi moja. Yakishalala, kwanja lirudi ghalani.

Sasa tuseme juu ya maji. Ili ukoka ubaki kijani katika ukame, huhitaji milimita 25 hivi kwa juma. Uwanja wenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 20 utadai lita 25,000, yaani madumu 1,250 ya lita ishirini, kila juma! Katika mtaa ambao akina mama hupanga foleni bombani tangu alfajiri, askari anayenyeshea majani kwa mpira huonekana na kila mtu. Raia hamwambii neno, ila ameona. Kuulinda ukoka uliolala, milimita 10 kila baada ya majuma matatu au manne zinatosha, na maji yaliyooshea mboga jikoni yanafaa kabisa. Yamwagwe asubuhi na mapema, kwa wingi mahali pamoja, yapate kuzama. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni huiita mizizi ije juu, nalo jua la kesho huikuta huko.

Mbolea isitiwe wakati huu, wala takataka zisichomwe juu ya uwanja. Penye vipara pafunikwe kwa makuti ya michikichi ili upepo usipeperushe udongo. Udongo ukishalowa barabara mwezi Oktoba, vipande vya ukoka vilivyong'olewa ukingoni, vyenye mafundo mawili au matatu kila kimoja, vichomekwe katika vipara hivyo na kukandamizwa kwa kiatu. Hiyo ndiyo siku ambayo buti linaruhusiwa.