Madaktari wanafunzi na somo la kuzalisha kwa mwanasesere

Mama wa Kata ya Nyakato, mjini Musoma, anapofika wodi ya wazazi usiku wa manane, hachagui nani atakayempokea. Huenda akawa mkunga wa miaka mingi. Huenda pia akawa daktari aliyemaliza chuo mwaka huo huo. Swali kwa walimu wa tiba ni daktari huyo aizoeze wapi mikono yake kabla ya usiku huo.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa wodini. Mwanafunzi alisimama nyuma ya mkunga, akatazama, kisha akajaribu. Lakini dharura haina ratiba. Anaweza kumaliza zamu zake zote bila kumwona mama anayevuja damu nyingi au mtoto aliyezaliwa bila kupumua, akaja kukutana nao akiwa peke yake.

Ndiyo sababu ya mafunzo ya kuigiza. MamaNatalie, kifaa cha kampuni ya Laerdal ya Norway, huvaliwa tumboni na mwalimu mwenyewe. Mwalimu huigiza uchungu, humsukuma mwanasesere atoke, hutoa kondo la nyuma, kisha hufungulia damu bandia. Mwanafunzi hutakiwa kuukanda mji wa mimba mpaka ukaze. Na kwa kuwa "mzazi" huyo anasema na kulalamika, hujifunza pia kumtuliza, jambo ambalo sanamu tupu haifundishi.

Mwanasesere naye, NeoNatalie, hujazwa maji apate uzito wa mtoto, na hupumua kadiri mwalimu anavyobonyeza mpira. Asipopumua baada ya kukaushwa na kuchuliwa, mwanafunzi anapaswa kuanza kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika 1, ambayo wataalamu huiita dakika ya dhahabu.

Hata hivyo, siku moja ya mazoezi haitoshi. Hilo lilibainika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Baada ya kozi ya siku moja mwaka 2010, watumishi walifanya vizuri mbele ya mwanasesere, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Hospitali ikaanza mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, papo hapo kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000.

Mpango uliofuata, wa vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliunganisha mazoezi ya aina hiyo na vifaa vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto pamoja na takwimu za kila kituo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama kupungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto wa siku ya kwanza kwa asilimia 40. Mwanza, jirani wa Mara, ilikuwamo. Mara yenyewe haikuwa miongoni mwa mikoa hiyo mitano.