Upepo wa Baridi Utelemkao Milimani, na Sakitu Mashambani

Kila mkulima wa nyanda za juu aijua sakitu, yaani umande uliogandamana ukawa mweupe kama unga juu ya majani alfajiri. Lakini wengi hudhani ya kuwa sakitu huanguka kutoka mbinguni kama mvua, na kwamba mwanadamu hana la kufanya. Sivyo. Sakitu hufanyika papo hapo juu ya majani na udongo, na baridi iiletayo hutembea katika njia ambazo mtu aweza kuzitambua.

Mchana ardhi hupokea joto la jua; usiku hulitoa na kulipeleka juu. Mawingu yakiwapo, hurudisha sehemu ya joto hilo. Lakini mbingu ikiwa wazi na hewa kavu, kama iwavyo mara nyingi mwezi wa Januari na Februari pande za Kinangop na Kericho, joto hupotea upesi. Hewa igusanayo na ardhi hupoa, nayo hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Basi penye mteremko hutelemka kama maji, ila polepole, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Huu ndio upepo wa baridi unaousikia usoni jioni usimamapo mdomoni mwa korongo.

Upepo huu si mdogo kila mahali. Katika bara la barafu lililo kusini mwa dunia, watu wa safari ya Douglas Mawson walipima mwaka 1912 na 1913 upepo wa namna hii uliovuma kwa wastani wa maili 50 hivi kwa saa. Wetu ni mpole. Hudhuru kwa baridi yake, si kwa nguvu zake.

Tazama milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake hupita futi 13,000. Chini yake umetandaa uwanda wa Kinangop, mahali pengi juu ya futi 8,000. Usiku mtulivu hewa baridi hushuka kwa makorongo, ikajaa katika kila shimo na bonde, ikatuama humo kama maji ya ziwa. Ubavu wa kilima hubaki na joto kidogo, kwa kuwa hewa yake baridi imekwisha kwenda zake. Kati ya chini ya bonde na ubavuni, mwendo wa hatua mia chache tu, tofauti yaweza kufika digrii 4 au 5 za Sentigredi. Kwa viazi ulaya, hiyo ndiyo tofauti ya kuvuna na kutovuna.

Na hapa ndipo penye mtego. Udongo wa bondeni ni mweusi, una rutuba na unyevu, nao humvuta mkulima kupanda viazi huko wakati wa kiangazi. Pande huko kabichi au karoti, ambazo huvumilia baridi zaidi, na viazi uvipeleke ubavuni, hata kama udongo wake ni hafifu. Njegere huvumilia zikiwa changa, lakini maua yake hufa.

Angalia pia nyua. Ua mnene wa miti uliokingama mteremko huzuia hewa baridi kama boma lizuiavyo maji, na shamba lililo juu ya ua huo huungua. Ua wa jirani aliye chini yako waweza kukuharibia mazao naye hana habari. Nendeni mkautazame pamoja alfajiri ya sakitu, kisha mkubaliane kupogoa matawi ya chini au kufungua pengo mahali palipo chini kabisa, mradi hewa isimwagikie kitalu chake. Lakini ua ulio juu ya shamba ni msaada, ukiwekwa mshazari ili kuugeuza upepo upande.

Kutambua njia ya baridi hakuhitaji vyombo. Jioni tulivu washa majani mabichi kidogo, uone moshi waelekea wapi. Alfajiri weka vijiti mahali palipo peupe. Fanya hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kugawa shamba.

Usitegemee moshi kuokoa mimea, maana moshi hauzuii sana joto lisipotee. Afadhali udongo uwe na maji na usiwe na magugu wala usitifuliwe karibuni, kwa kuwa udongo mnyevu ulioshikamana huweka joto la mchana na kulitoa usiku. Vitalu vidogo vifunike jioni kwa nyasi juu ya fito, uvifunue jua likipanda.

Januari 2012 sakitu iliunguza chai nyingi katika nyanda za juu za Kenya. Michai ikiungua, usiikate mara moja. Ngoja machipukizi yaonyeshe tawi lipi limekufa na lipi li hai. Viazi vilivyopoteza majani usiving'oe siku ile ile, maana mara nyingi shina huchipua tena kutoka udongoni. Mahindi ya urefu wa shubiri nayo hupona mara nyingi, kwa kuwa kiini chake cha kukulia kingali chini ya ardhi. Yaliyokwisha kutoa mbelewele hayaponi, bora yakatwe upesi wapewe ng'ombe.