Mlima wa Leo, Chakula cha Jana

Kati ya 2002 na 2025, karibu kila mwezi Juni, maelfu ya watu waliondoka San Francisco kwa baiskeli kuelekea Los Angeles katika safari ya hisani iliyoitwa AIDS/LifeCycle. Ilikuwa safari ya siku saba na zaidi ya kilomita 870, na michango yake iliendesha huduma za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika miji hiyo miwili. Siku ya pili peke yake ilikuwa na zaidi ya kilomita 160, kutoka Santa Cruz hadi King City. Asubuhi ya siku ya tatu waendeshaji walikutana na mpando ambao wenyewe waliuita Quadbuster, yaani kivunja mapaja, na hapo wengi walishuka na kukokota baiskeli. Walipoulizwa, lawama yote waliubebesha mlima. Nadhani mlima huo unasingiziwa. Siku ngumu katika safari ndefu ya baiskeli kwa kawaida huanza saa nyingi kabla ya mahali inapoonekana, na chanzo chake mara nyingi ni mwendo na chakula kuliko uhaba wa moyo.

Tuanze na hesabu ya mlima wenyewe. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 85, kwenye mpando wa asilimia 5. Akienda kilomita 10 kwa saa, anahitaji takriban wati 116 kwa ajili ya kuinua uzito tu. Akienda kilomita 15 kwa saa, hitaji linafika wati 174, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi. Wati 116 ni kazi ambayo mtu mwenye afya na mazoezi ya kawaida anaweza kuimudu kwa muda mrefu. Wati 174 kwa wengi ni deni. Tena msuli hugeuza takriban robo tu ya nishati yake, au pungufu ya hapo, kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto, na mwili hulitoa hasa kwa jasho linalokauka. Ndiyo maana upepo unaosukuma mgongoni una hila yake. Unaongeza kasi bila mtu kujua, lakini hewa inayompiga usoni inapungua, jasho halikauki upesi, na joto linabaki mwilini.

Sasa tazama ghala. Wanga tunaokula huhifadhiwa katika misuli na ini kwa jina la glaikojeni, na kwa mtu mzima akiba yote ni kama gramu 500, yaani kilokalori 2,000 hivi. Siku ya kilomita 160 hudai zaidi ya kilokalori 3,000 kwa urahisi. Mafuta ya mwilini yapo tele, ila huchomwa polepole, na kadiri mtu anavyokazana ndivyo misuli inavyoyaacha na kuudai wanga. Kwa hiyo anayekimbizana na wenzake asubuhi, tumbo likiwa na kikombe cha kahawa tu, anatumia akiba ambayo mchana ataihitaji. Utumbo nao una kikomo: hupokea gramu 60 hivi za glukosi kwa saa, ambazo ni kama ndizi mbili kubwa, na hufikia 90 ukichanganya na sukari ya matunda. Aliyesahau kula kwa saa nne hawezi kulipa kwa mlo mmoja. Na hapa ndipo Quadbuster inapopata sifa isiyo yake: glaikojeni iliyokwisha huchukua karibu siku nzima kurudi, hata kwa anayekula vizuri. Aliyefika King City jioni amechoka mno, akalala bila kula vya kutosha, ameamka na ghala nusu tupu.

Dalili ya kwanza ya upungufu huo si lazima iwe mguuni. Ubongo huishi kwa glukosi, na sukari ya damu ikishuka mtu hukasirika bure, vidole vinatetemeka akijaribu kufungua pakiti ya biskuti, na anaanza kujiuliza alikuja kufanya nini. Wenzake humwambia ajikaze. Wana nia njema, lakini kule kukata tamaa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na dawa yake ni kitu kitamu na dakika 20 za kivuli.

Wapo watakaosema kwamba mateso ndiyo roho ya safari ya hisani, kwamba bila jasho la damu hakuna anayetoa pesa. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2013 watafiti Christopher Olivola na Eldar Shafir walionyesha kwamba watu huwa tayari kuchangia zaidi wanapotarajia kwamba kuchangia kwenyewe kutadai maumivu na juhudi. Sibishani na matokeo hayo. Lakini kilichopimwa ni utayari wa kujitoa, na siku saba juu ya tandiko zinautosheleza utayari huo hata kwa aliyekula vizuri. Isitoshe, katika AIDS/LifeCycle kila mwendeshaji alitakiwa kuchangisha maelfu ya dola kabla ya kuruhusiwa kuanza. Fedha za mgonjwa zilikuwa zimekwisha kupatikana kabla gurudumu halijazunguka, kwa hiyo aliyepanda gari la msaada njiani hakumpokonya mtu chochote. Naomba waandaaji wa safari kama hizo waseme hivyo waziwazi siku ya kwanza, maana aibu ya kupanda gari la msaada huwafanya watu waendelee hata pale mwili unapokataa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye tahadhari: ukihimiza watu kula na kunywa, hawatazidisha? Kwa maji, hofu hiyo ni ya kweli kabisa. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za 2002 uliwakuta asilimia 13 wakiwa na sodiamu iliyopungua katika damu, hali inayoweza kuua, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa walioongezeka uzito njiani na waliokimbia zaidi ya saa nne. Mwendo wa polepole, na maji kila kituo: hiyo ndiyo picha ya mwendesha baiskeli wa hisani. Kwa hiyo chakula kiende kwa saa, njaa isisubiriwe; maji yafuate kiu. Mistari myeupe ya chumvi iliyokauka kwenye fulana inaonyesha kwamba jasho limeondoka na zaidi ya maji, na viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi vitasaidia kuliko chupa ya tatu.

Turudi kwenye mpando. Mtu aliyekula tangu alfajiri hubadilisha gia mapema, kabla mnyororo haujalalamika, akaiweka ile nyepesi kuliko zote, akaacha wengine wampite. Kilomita nane kwa saa, pedali zikizunguka upesi bila kukanyagwa kwa nguvu, pumzi ikimruhusu kuzungumza sentensi nzima na aliye kando yake. Katikati ya mpando atawakuta baadhi ya waliompita wamesimama, mikono juu ya usukani, na mfukoni mwake bado ana ndizi moja ya kumgawia mtu.